Kuchagua chuo cha uzamili cha ufinyanzi: mwongozo kwa anayefinyanga vyombo vya kutumiwa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kisauni alinijia nyumbani Mji wa Kale, kiondo begani. Aliniamkia, akakaa barazani, akatoa vikombe vya kahawa vilivyofungwa kwa magazeti na kuvipanga sakafuni kimoja kimoja.

"Mwalimu, nataka kusoma zaidi. Chuo gani ni bora?"

Sikumjibu mara moja. Nilichukua kikombe kimoja nikakigeuza. Kilikuwa kidogo, hakina mkono, kama vile vya wauza kahawa wanaopita na madele yao jioni karibu na Ngomeni. Ukuta wake ulikuwa mwembamba juu na mnene chini, na kitako kilichongwa kikaachiwa ukingo. Ukitia kahawa ya moto, kidole gumba kinakaa kwenye mdomo, cha kati kinashika ukingo wa chini, na mkono hauungui. Alipokuwa akichonga kitako kile alikuwa amefikiria vidole vya mtu asiyemjua. Mdomo, hata hivyo, ulikuwa mkali kidogo; ungekwaruza mdomo wa mnywaji.

Nikamwambia: "Chuo bora kwako, mwanangu, ni kile ambacho mwalimu wake atakishika kikombe hiki kama nilivyokishika mimi, kisha akubishie juu ya mdomo wake."

Vyuo vingi vitakuruhusu kutengeneza bakuli, na kukuruhusu ni rahisi. Vinavyokubishia juu ya bakuli ni vichache, na ndivyo unavyovitafuta. Haya ndiyo niliyomweleza siku ile na siku zilizofuata, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya yeye kuondoka.

Kwanza: je, unahitaji shahada?

Jiulize unakosa nini. Ikiwa unakosa mkono, yaani huwezi bado kufinyanga mabakuli hamsini yenye kimo kimoja na uzito mmoja, uzamili si mahali pa kulijifunza hilo. Wanaoingia huko wanatarajiwa kuwa wameshaiva. Kwako wewe kuna njia nyingine. Pale Stoke-on-Trent, Uingereza, kuna Clay College, iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo kwa miaka miwili inafundisha gurudumu, glezi (ile ngozi ya kioo juu ya chombo) na ujenzi wa matanuri bila kutoa shahada. Kiwanda cha mfinyanzi Bernard Leach huko St Ives, Uingereza, kilichoanzishwa 1920, kimefinyanga vyombo vya mezani na kulea wanagenzi wengi. Huko Helena, Montana, Archie Bray Foundation imepokea wafinyanzi wakaazi tangu 1951: unapewa nafasi na tanuri, unafanya kazi yako. Na hapa kwetu, kabla ya kote huko, kuna mama wanaojenga vyungu kwa mikono mitupu vijijini pwani. Ukikaa miezi mitatu na mmoja wao, ukichota udongo naye, ukipiga ukuta wa chungu naye na kuchoma naye kwenye moto wa wazi, utakuwa umepata kitu ambacho hakuna chuo cha ng'ambo kinachoweza kukupa.

Uzamili unakupa mambo mengine: muda mrefu wa kuzama katika swali moja, watu wanaolazimika kukukosoa, na cheti cha kufundishia. Marekani shahada hiyo huitwa MFA, huchukua miaka miwili au mitatu, na kwa sanaa ndiyo shahada ya mwisho ya mtu anayetaka kufundisha chuoni. Uingereza uzamili mwingi ni wa mwaka mmoja. Ikiwa nia yako ni kurudi kufundisha chuo kikuu hapa Kenya, ulizia mapema: vyuo vyetu hutazama sana shahada ya uzamifu kwa mhadhiri, na MFA haiitwi uzamifu, hata kama Marekani hakuna shahada ya juu yake katika fani hiyo. Uliza idara unayoitamani kabla ya kuondoka, na ujibiwe kwa maandishi.

Kwa nini idara nyingine hazipendi vyungu na sahani

Utasoma tovuti za idara thelathini na kushangaa kwamba katika nyingi huoni hata kikombe. Usidhani unadharauliwa. Katika miaka ya 1950 Peter Voulkos, mfinyanzi wa Marekani ambaye alianza kwa kutengeneza vyombo vya mezani vizuri sana, alikwenda kufundisha Los Angeles mwaka 1954 na hapo akaanza kuvipasua, kuvibandika na kuvisimamisha kama sanamu. Wanafunzi wake walienea vyuoni, na idara nyingi zikauchukua udongo kuwa mali ya uchongaji. Wakati huohuo, Minnesota, Warren MacKenzie alikuwa akifundisha njia nyingine. Alikuwa ameishi na kufanya kazi kwa Bernard Leach kule St Ives tangu 1949 hadi 1952, akarudi, akafundisha Chuo Kikuu cha Minnesota kuanzia 1953 hadi 1990, akiuza mabakuli yake kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu ili yatumiwe kila siku. Mito hiyo miwili bado inatiririka. Kuna idara ya mto mmoja, kuna ya mto mwingine, na kuna zile zenye mabishano mazuri kwa sababu mito yote miwili inakutana humo. Binafsi naipenda hii ya tatu. Mfinyanzi wa vyombo akikaa na wenzake tu, hakuna anayemuuliza kwa nini.

Na njia ya Mkenya kupita huko si mpya. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akiwa bado mwanafunzi Uingereza alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichokianzisha Mwingereza Michael Cardew, akajifunza kujenga vyungu kwa mkono kutoka kwa wanawake wa pale, Ladi Kwali akiwa miongoni mwao, kabla ya kusoma uzamili Royal College of Art, London, na kuhitimu 1982. Vyungu vyake si vya kupikia, lakini vimetoka kwenye chungu cha kupikia, na hilo linaonekana.

Kuandika orodha ya kwanza

Anza na majina kumi na mawili, usizidishe. Kuna vyuo ambavyo wafinyanzi wa vyombo huvitaja mara kwa mara: Alfred katika jimbo la New York, kilichoanza 1900 kama shule ya udongo na kauri, ambako wasanii na wahandisi wa kauri wako kijiji kimoja, Utah State huko Logan, ambako John Neely alibuni lile tanuri la kuni linaloitwa la treni, na Ohio University mjini Athens, jimbo la Ohio. Uingereza, tazama Cardiff. China, kuna Chuo Kikuu cha Kauri cha Jingdezhen, katika mji uleule uliotoa vyombo vingi vya kauri ambavyo vigae vyake vimo katika jumba la makumbusho la Fort Jesus. Hapo uliza mapema masomo ni kwa lugha gani. Barani kwetu, tazama Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika miaka ya 1930, na Kumasi nchini Ghana, na Kenyatta.

Majina haya ni pa kuanzia tu. Idara ya ufinyanzi ni watu wawili au watatu na matanuri yao. Mmoja akistaafu, idara inabadilika, na jina linabaki likisifiwa miaka ishirini baadaye. Kwa hiyo usiulize chuo kina sifa gani, bali nani anafundisha mwaka huu, na atakuwepo mwaka kesho kutwa?

Kuisoma idara kabla ya kuiandikia

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Tafuta maonyesho ya mwisho ya wahitimu wa miaka mitano iliyopita. Vyuo vingi huyaweka wazi kwenye intaneti pamoja na maandishi ya wanafunzi. Hesabu kwa kidole. Kati ya wahitimu kumi, wangapi walionyesha vyombo vya kutumiwa? Kama hakuna hata mmoja, futa jina, hata kama barua yao ya majibu ni tamu kiasi gani. Kama ni watatu, endelea. Kisha watafute hao watatu: je, bado wanafinyanga? Wanauza wapi? Aliyemaliza miaka mitano iliyopita na bado anachoma tanuri kila mwezi ni ushahidi mkubwa kuliko kijitabu chochote cha chuo.

Tazama pia vile vyombo vilivyoonyeshwa. Kuna tofauti kati ya buli lililotengenezwa ili limimine chai na buli lililotengenezwa ili lizungumzie habari za buli. Yote mawili yana haki ya kuwepo. Lakini ukiona katika idara nzima mabuli yote ni ya aina ya pili, ujue utakapowaletea lako, maongezi yatahusu maana yake na hakuna atakayelimimina.

Kisha matanuri. Usidanganyike na idadi. Udongo mwekundu wa kawaida huiva kati ya nyuzi 1,000 na 1,150. Vyombo vigumu vya mezani huchomwa nyuzi 1,220 hivi kwa tanuri la umeme, au karibu 1,300 kwa gesi na kuni. Idara nzuri ina yote haya, na ikiwezekana tanuri la chumvi au soda, linalovisha vyombo kioo kwa mvuke. Maswali yenye uzito ni mengine: mwanafunzi anachoma mwenyewe au anachomewa na fundi? Anasubiri zamu siku ngapi? Nani analipia gesi? Tanuri la kuni limechomwa mara ngapi mwaka jana?

Swali hilo la mwisho nililipia. Chuo changu cha kwanza, ambacho sitakitaja, nilikichagua kwa picha ya tanuri kubwa la kuni lililokuwa likiwaka usiku, wanafunzi wamelizunguka. Nilipofika, majani yalikuwa yameota kati ya matofali. Aliyelijenga alikuwa ameondoka zamani, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuliwasha. Nilikaa pale mwaka mmoja, nikahama. Mwaka ule sikuurudishiwa, wala fedha zake. Ningetuma barua moja tu kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa pale, ningejua yote.

Chumba cha glezi pia kina habari. Kwa mtu anayetengeneza sahani ya kulia chakula, hapo ndipo penye amana. Uliza kama wanafundisha kemia ya glezi: kukokotoa silika, alumina na viyeyushi, kama alivyoonyesha Mjerumani Hermann Seger katika karne ya 19, badala ya kunakili mapishi ya mtu. Uliza kama wanapima vyombo kwa asidi kujua kama madini yanavuja kwenye chakula, hasa risasi na kadimiamu. Uliza wanafanyaje glezi inapopasuka nyufa nyembamba kwa sababu haikukubaliana na udongo wake kupanuka na kusinyaa. Idara inayojibu "huwa tunanunua ya kopo" haijawahi kumfikiria mtu anayekula kwenye ile sahani.

Na vumbi. Vumbi la silika huharibu mapafu polepole, na uharibifu huo haurudi nyuma. Studio inayofagiliwa kwa ufagio mkavu, isiyo na feni ya kunyonya vumbi mahali pa kuchanganyia, ikimbie.

Waulize wanafunzi wanakula kwenye nini

Waandikie wanafunzi wawili au watatu wa sasa. Majina yao huwa kwenye tovuti. Andika kifupi, kwa adabu, na uulize mambo ambayo yanajibika: mwalimu wako amekuja kwenye meza yako mara ngapi mwezi huu? Katika ukosoaji wa mwisho, kulikuwa na mtu aliyegusa kazi au wote walisimama mbali mikono mfukoni? Unalipwa nini, na je, inatosha kodi ya nyumba?

Kuna swali moja nililianzisha mwenyewe na halijawahi kunidanganya. Sisi tuna methali, mfinyanzi hulia gaeni: mwenye kutengeneza vyombo vya watu, yeye mwenyewe anakula kwenye kigae. Basi waulize: kwenye jikoni la idara, mnakunywa chai kwa vikombe gani? Nilipouliza chuo changu cha pili, yule mwanafunzi alinitumia picha ya rafu ya mbao yenye vikombe zaidi ya arobaini, kila kimoja cha mkono tofauti, vingine vya wahitimu wa zamani, vimepigwa na chai hadi vimebadilika rangi. Aliniambia kila mwanafunzi akiondoka anaacha kimoja, na kwamba kuna kimoja hakuna anayekitumia kwa sababu mkono wake unaunguza, na mwalimu hukileta kila mwaka darasani kukizungumzia. Nilijua nimefika.

Fedha

Nitasema wazi: usikope kwa ajili ya shahada ya ufinyanzi, na usikubali familia iuze shamba. Kazi yetu hailipi kwa kasi ya kurudisha deni la dola. Ukikosa ufadhili mwaka huu, omba tena mwaka kesho ukiwa na vyombo bora zaidi. Si aibu hata kidogo.

Marekani, ufadhili mkubwa huja kupitia usaidizi wa kufundisha: unasaidia darasa au studio saa kumi hadi ishirini kwa wiki, chuo kinakusamehe ada yote au sehemu yake, na kinakupa posho. Mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki za kazi ya chuoni wakati wa muhula, kwa hiyo usijipe matumaini ya kuongeza kazi ya pili. Barua ya ufadhili ikija, isome kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Ada imesamehewa yote, au kiwango cha mkaazi wa jimbo tu, na wewe mgeni unalipa tofauti? Zile ada ndogondogo za muhula zimo? Bima ya afya? Udongo na gesi ya tanuri? Posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili, na ile mitatu ya kiangazi utakula nini? Ni ya mwaka wa kwanza pekee au ya miaka yote? Usaidizi wa mwaka mmoja katika masomo ya miaka mitatu ni mtego, hata kama aliyeutega hakukusudia.

Kumbuka pia gharama zinazotangulia: ada ya maombi kwa kila chuo, mtihani wa Kiingereza, ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, na safari ya Nairobi kwa mahojiano ya viza ubalozini Gigiri. Omba kusamehewa ada ya maombi. Idara nyingi hukubali ukiuliza vizuri, na wengi hawaulizi.

Nje ya chuo chenyewe kuna ufadhili wa Fulbright kwa Marekani, Chevening na Commonwealth kwa Uingereza, na ufadhili wa serikali ya China kwa Jingdezhen. Chevening inataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili, na urudi nyumbani miaka miwili baada ya masomo. Kwa mfinyanzi, kazi yako ya kujiajiri ina uzito ikiwa una risiti na barua za wateja, kwa hiyo anza kuzitunza leo.

Picha ishirini

Maombi mengi hutaka picha kama ishirini za kazi yako, na waamuzi huzipitia haraka. Yule kijana alinionyesha zake: vikombe juu ya leso nzuri sana ya rangi tatu. Nilimwambia, leso ina jina lake, na jina hilo litasomwa kabla ya kikombe. Nunua karatasi kubwa ya kijivu, ibandike ukutani ishuke hadi mezani bila kukunjika, ili nyuma ya chombo kusiwe na pembe. Piga kivulini karibu na dirisha, si juani. Jua letu la saa saba linakula kila mkunjo wa udongo. Weka kadibodi nyeupe upande wa pili kurudisha mwanga. Onyesha kitako cha chombo kimoja au viwili, maana mfinyanzi mwenzako hukigeuza chombo kwanza kabla ya kukisifu. Andika vipimo kwa sentimita, aina ya udongo, na joto la kuchomea.

Picha mbili kati ya ishirini ziwe za chombo kikiwa kazini: mkungu wenye samaki wa kupaka, kikombe mkononi mwa mtu. Zisizidi mbili. Na usilete chombo kimoja cha kila aina kama mtu anayefungua duka. Leta familia: vikombe sita vinavyojibizana, kisha mabakuli manane yanayoendeleza maneno hayohayo. Waamuzi wanatafuta swali unalolifuata.

Panga wakati wa kutengeneza pia. Kuanzia Aprili masika yakishika, udongo Mombasa hauna haraka ya kukauka, na chombo kinene kinachotiwa tanurini kikiwa na unyevu hupasuka. Kazi ya picha ifanye Januari hadi Machi wakati wa kaskazi.

Maelezo yako: usiombe radhi kwa jasho la mtungi

Hapa wengi wetu tunapoteza nafasi. Tunaandika kwamba tunataka "kuhifadhi utamaduni", sentensi ambayo msomaji ameiona mara mia. Andika jambo moja unalolijua kwa mikono.

Mfano ni huu. Waamuzi wengi walikulia kwenye vyombo vilivyochomwa joto kubwa, visivyopitisha maji, na kwao chombo kinachovuja ni kibovu. Mtungi wetu unatoa jasho, na kazi yake ndiyo hiyo: maji yanapopenya ukutani na kuvukiza, yanaondoka na joto, na yale yaliyobaki ndani yanapoa bila umeme. Chungu cha kupikia nacho kina udongo uliochanganywa na mchanga na kuchomwa joto dogo, ili kikikaa mafigani juu ya moto wa kuni kistahimili kupanuka kwa ghafla; ukiweka pale bakuli gumu la nyuzi 1,300 litapasuka kabla wali haujachemka. Ukiandika hivyo, umewafundisha kitu, na umewaonyesha kwamba "chombo cha matumizi" kwako ni fikra kamili. Kisha uliza swali lako. Kwa mfano: je, naweza kupata udongo mmoja unaostahimili moto kama chungu na usiopitisha mafuta kama sahani? Mtu mwenye swali la namna hii hatafutiwi nafasi, anatengewa.

Barua za mapendekezo ziandikwe na watu walioiona kazi yako. Mama mfinyanzi aliyekufundisha kijijini, maneno yake yakitafsiriwa na kutiwa sahihi, yana nguvu kuliko mkuu wa idara ambaye hakumbuki jina lako. Mwandamanishe na walimu wawili wa kawaida ili masharti yatimie.

Kwenye mahojiano utaulizwa, kwa namna moja au nyingine: kwa nini uzamili ili kutengeneza bakuli? Niliulizwa hivyo, na nilikasirika, na nilikosea kukasirika. Ni swali halali. Lijibu kwa chombo: kiweke mbele ya kamera, uonyeshe hicho ambacho bado hujui kukifanya.

Kalenda, kwa ufupi

Julai na Agosti andikia walimu na wanafunzi. Septemba na Oktoba maliza mtihani wa Kiingereza na barua. Maombi ya Marekani hufungwa zaidi kati ya Desemba na Februari. Majibu huja Februari hadi Aprili. Kuna makubaliano ya vyuo vingi vya Marekani kwamba mwanafunzi asilazimishwe kujibu ahadi ya ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili. Ukibanwa ujibu Machi, uliza kwa upole kama chuo hicho kimo katika makubaliano hayo.

Ukipata vyuo viwili

Chagua kile kitakachokufaa ukirudi. Fikiria tanuri utakalokuwa nalo Mombasa, si lile la huko. Aliyesoma miaka mitatu kwa tanuri la gesi linalojiendesha kwa kompyuta anarudi na ujuzi usio na pa kukaa. Aliyefundishwa kujenga tanuri kwa matofali na kutafuta glezi ardhini anarudi tajiri. Maana glezi tunayo: mawe ya matumbawe yakichomwa na kusagwa ni chokaa, na chokaa ni kiyeyushi, majivu ya makumbi ya nazi ni kiyeyushi kingine, mchanga wa Kwale una rutili na zirkoni, moja inayotia glezi mawimbi ya dhahabu na nyingine inayoifanya nyeupe isiyopenyesha mwanga, na huko Gongoni kuna mashamba ya chumvi, ambayo ukiirusha tanurini kwenye nyuzi 1,250 na zaidi mvuke wake hushikana na silika ya udongo na kuuvisha chombo kioo chenye vinyweleo kama ganda la chungwa. Chuo kitakachokupa uwezo wa kuviona vitu hivi ukiwa umesimama ufukweni, kichague hata kama ni kidogo na kiko mbali na mji.

Yule kijana ameshatuma barua saba, na amepata majibu manne. Ameulainisha ule mdomo. Nimemwambia siku ya kuondoka asifunge udongo mbichi kwenye sanduku, maana udongo wa kigeni hauingii Marekani bila kibali na unaweza kutupwa uwanja wa ndege. Afinyange vigae vidogo vya majaribio kwa udongo wa hapa, avichome kabisa, aandike nyuma ya kila kimoja ulikotoka, na avibebe mkononi pamoja na vikombe viwili vya kahawa, kimoja cha kunywea yeye na kimoja cha rafu ya watakaompokea.